Doa la wino kwenye gauni la harusi: kusoma riwaya fupi ya Julia Strachey

Mtu aliyewahi kukaa katika nyumba ya harusi tangu alfajiri anajua kwamba siku hiyo bi harusi ndiye anayesemeshwa kidogo kuliko wote. Anavishwa, anafukizwa udi, anageuzwa huku na huku, anaambiwa asitikise mikono hina isije ikaharibika, na kila anayeingia chumbani anaingia na lake: pini imepotea, gari la kuwachukua wazee halijafika, mchele umebidi uongezwe kwa sababu wageni wa Chake wamekuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Nimehudhuria harusi nyingi za namna hiyo, Unguja na Pemba, na sikuwahi kudhani kwamba kitabu kitakachonionesha jambo hili waziwazi kuliko vyote nilivyosoma kitakuwa kimeandikwa na Mwingereza, mwaka 1932, kuhusu nyumba ya Kiingereza yenye baridi.

Kitabu chenyewe ni Cheerful Weather for the Wedding. Kwa Kiswahili ningekiita Hali ya Hewa ya Bashasha kwa Siku ya Harusi, ingawa katika jina la Kiingereza mna uchangamfu wa kujilazimisha ambao bashasha yetu haina. Mwandishi, Julia Strachey, alizaliwa Allahabad, India, mwaka 1901, akafariki mwaka 1979. Lytton Strachey, aliyesifika kwa kuandika wasifu wa watu mashuhuri, alikuwa ami yake, na riwaya hii ilitolewa na Hogarth Press, shirika la uchapaji ambalo Leonard Woolf na mkewe Virginia walilianzisha mwaka 1917. Hakuandika vitabu vingi. Hiki ni chembamba, mtu anaweza kukianza baada ya Magharibi na kukimaliza kabla ya kulala, lakini mimi sikumudu kukisoma hivyo. Nilikisoma mara ya kwanza kwenye boti ya kwenda Mkoani, nikakisoma tena wiki hiyohiyo nikiwa nyumbani Wete, na mara ya pili nilikwenda polepole kama mtu anayepita chumba ambamo kuna mgonjwa amelala.

Kisa kinaelezeka kwa maneno machache. Tarehe 5 Machi, Bi Thatcham, mjane wa tabaka la kati, anamwoza binti yake mkubwa, Dolly, mwenye umri wa miaka 23. Mume ni Owen Bigham, bwana anayemzidi bi harusi miaka minane na anayefanya kazi katika utumishi wa kibalozi. Uchumba wao umedumu mwezi mmoja tu, na baada ya harusi watasafiri kwenda Amerika ya Kusini. Nyumba imejaa jamaa, marafiki na watoto wa shule. Juu ghorofani Dolly anajitayarisha. Chini sebuleni amekaa Joseph, kijana anayesomea anthropolojia, ambaye msimu wa joto uliopita alikuwa na ukaribu na Dolly, ukaribu ambao hakuna aliyeupa jina, na ambaye saa hizi za mwisho anataka kusema neno na hajui ni neno gani. Hakuna anayekufa, hakuna anayetoroshwa, hakuna siri kubwa inayofumuliwa mbele ya umati. Msomaji anayetafuta visa atafunga kitabu akiwa na njaa. Anayetafuta kuona watu atakuta meza imetandikwa.

Nianze na mama, kwa sababu huyu ndiye aliyenikaa rohoni. Siku ile nje kuna jua, lakini upepo ni mkali na baridi inakata. Bi Thatcham anachungulia dirishani na kufurahia jinsi hali ya hewa ilivyo njema kwa harusi, na hairudii furaha hiyo mara moja wala mbili. Wageni wanaingia wakitetemeka, yeye anawapongeza kwa hali ya hewa. Anawapangia mahali pa kulala, na chumba kilekile cha urujuani anampa huyu, kisha anampa yule, kisha anampa mwingine, na anapokumbushwa, anashangaa kwa dhati kabisa na kumlaumu mtumishi. Mwandishi wa kawaida angemfanya mwanamke huyu mchekeshaji akaishia hapo. Strachey anamwandika kwa namna ambayo msomaji anacheka kurasa kumi za mwanzo, halafu kicheko kinaanza kukauka, kwa kuwa anagundua kwamba usahaulifu ule una kazi maalumu. Mama huyu hasikii kwa sababu akisikia itambidi ajibu. Pirikapirika yote ile ya vyumba, magari na sahani ni ukuta alioujenga baina yake na uso wa mwanawe. Tunao mama hawa. Wanatupenda, wameuza dhahabu zao kwa ajili yetu, na siku ya harusi hawatutazami machoni, wanatazama pindo la gauni.

Sasa mahali pawili ambapo nadhani mwandishi amefika pale wanapofika wachache.

Pa kwanza ni mwanzoni kabisa. Sebuleni kuna kioo cha zamani, kimejaa madoa madogo ya kutu, na mbele yake kuna mimea ya majani. Chumba kinachoonekana ndani ya kioo si kile kile kilichopo nje yake. Ndani ya kioo kuna giza la kijanikijani, kama maji yaliyotuama, na uso mweupe wa Dolly unaonekana humo kama ua linalong'aa peke yake kwenye kinamasi. Hajavaa nguo ya harusi bado, amevaa gauni lake jeusi la kila siku, la sufu. Anasimama, anajitazama. Hayo tu. Strachey haandiki kwamba Dolly ana huzuni, wala haandiki kwamba Dolly ana shaka. Anatuwekea kioo kilichochakaa na kutuacha tuone kwamba katika nyumba nzima inayozungumza kwa furaha, kitu pekee kinachomwonesha msichana huyu kama alivyo ni kioo kibovu.

Pa pili ni juu chumbani na kwenye ngazi. Dolly anakunywa ramu kutoka kwenye chupa wakati anavaa, na anashuka ngazi kwenda kuolewa huku chupa ameificha katika mikunjo ya gauni lake. Kisha, dakika chache kabla ya kwenda kanisani, wino unamwagikia gauni jeupe. Najua baadhi ya wasomaji wetu wataikimbia sehemu hii kwa sababu ya ulevi, na sina nia ya kumshawishi mtu auone uharamu kuwa mzuri. Ninachoomba ni kwamba wasome hadi mwisho wa ukurasa ule. Mwanamke aliyeshika chupa mkono mmoja na shada la maua mkono mwingine hasifiwi hapo. Anaonekana tu, kama jirani anavyomwona mtu kupitia dirisha lililosahauliwa wazi. Na lile doa, jeusi, kubwa, juu ya kitambaa kilichotayarishwa kwa siku nyingi, ndilo neno pekee la kweli ambalo Dolly anaweza kulitoa siku hiyo. Watu wanalifunika kwa kitambaa cha lesi, na safari inaendelea.

Wakati huo Joseph yupo. Anakaribia kusema, na hasemi.

Hapa ndipo kitabu hiki kilipoacha kuwa cha Kiingereza kwangu. Chuoni tulifundishwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba bikira huombwa idhini, na kwamba idhini yake ni kunyamaza kwake. Mwalimu wetu alikuwa na bidii ya kutueleza kwamba kunyamaza kunakokusudiwa ni kule kwa haya, wala si kule kwa hofu, na kwamba anayeuliza ana wajibu wa kuutazama uso wa anayeulizwa ili atofautishe. Nimeikumbuka sana sharti hii ya kuutazama uso. Katika nyumba ya Thatcham hakuna anayeutazama. Kwetu sisi swali lenyewe lipo, na nashukuru kwamba lipo. Walii anakuja mlangoni, au anamtuma wa kumuulizia, wanawake wanatulia kidogo, udi unafuka, na swali linaulizwa kwa sauti. Lakini niseme ukweli kama niujuavyo: linaulizwa wakati masufuria yameshapakuliwa na watu wameshajaa msikitini. Kunyamaza kwa wakati kama huo kunaweza kuwa kitu chochote.

Dada yangu aliolewa Wete nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekaa naye chumbani mchana kutwa, kwa kuwa wengine walikuwa uwani na kwenye mapishi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kabati la kioo, vikuba vya asumini vimeshatiwa nyweleni, na akanitazama kupitia kile kioo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe waona sawa?" Nikamjibu kwamba hereni ya kushoto imekaa upande kidogo, nikainyoosha. Ndoa yake ipo hadi leo na ina watoto, wala sidai kwamba alikuwa na jingine moyoni. Ninachojua ni kwamba aliuliza swali, na mimi niliyekuwa karibu naye kuliko watu wote nilijibu habari ya hereni. Nilipomsoma Joseph anavyotafuta la kusema na kuishia na maneno yasiyo na kichwa wala miguu, sikumcheka.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo kitabu hiki kilinifanya niione upande wetu kwa jicho jipya. Nyumba ya Thatcham haina pa kutolea fumbo. Kwetu, neno lisiloweza kusemwa lina njia zake. Shangazi asiyeridhika na posa anaweza kuja harusini amejifunga kanga iliyoandikwa Usisafirie Nyota ya Mwenzio, akapita nayo mbele ya anayehusika mara tatu bila ya kufumbua mdomo, na ujumbe ukafika. Usiku wa taarabu mwanamke anasubiri ubeti wake, unapofika anainuka, anakwenda kutunza taratibu huku noti ameishika juu, na ukumbi mzima unaelewa ametunza kwa ajili ya nani. Miaka ileile kitabu hiki kilipokuwa kinaandikwa, Siti binti Saad alikuwa ameshakwenda Bombay kurekodi, safari ya mwaka 1928, na sauti yake ilikuwa inasikika katika santuri, ikisema katika nyimbo mambo ambayo hayasemwi barazani. Waingereza wa Strachey hawana kanga wala ubeti. Kwao yasiyosemwa hayana pa kwenda, ndiyo maana yanatoka mahali pa ajabu: katika wino, katika ramu, na katika soksi.

Soksi, ndiyo. Wavulana wawili wa shule, Tom na Robert, wana ugomvi unaoanzia mwanzo wa kitabu na kuendelea ndani yake kama mbu asiyefukuzika. Robert amevaa soksi za kijani kibichi kikali, na Tom, ambaye anaogopa kuonekana kanisani na mtu wa shuleni kwao, anamwandama kila chumba akimsihi akazivue. Anamsihi kwa adabu, kwa maneno makubwa ya kikubwa, kisha kwa vitisho, na Robert amezama katika gazeti lake, anamwambia aende zake. Ni mzaha mzuri sana, na ni zaidi ya mzaha, kwa sababu mtoto huyu ndiye pekee katika nyumba nzima anayesema wazi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Anachokosea ni kitu chenyewe. Strachey amewapa watoto ujasiri ambao wakubwa wameupoteza, kisha akauelekeza kwenye soksi.

Mapungufu yapo, na sitayafunika kwa lesi. Majina ni mengi mno katika kurasa za mwanzo, na wengine kati ya hao jamaa wanaoingia na kutoka wangeweza kubaki kwao bila ya hadithi kupungua. Kitty, mdogo wake Dolly, msichana mwenye sauti kubwa na hamu kubwa zaidi ya kuwa mtu mzima, ameandikwa kwa ukali ambao sikuona sababu yake. Ana miaka 17, na wenye miaka 17 ndio hivyo walivyo. Watumishi wanapita kama vivuli wakibeba trei, na kwa mtu aliyelelewa mahali ambapo mpishi wa harusi ni mtu anayefuatwa kwake, akaombwa kwa heshima na kusikilizwa anaposema kuni hazitoshi, upungufu huu unaonekana sana. Nilijiuliza mara kadhaa hao watumishi walikuwa wanasema nini jikoni, kwa sababu nina hakika kwamba wao walijua. Kuhusu mwisho, pale maharusi wameshaondoka na Joseph anamlipukia mama mtu kwa maneno ambayo sitayafichua hapa, bado sijaamua. Mara ya kwanza nilihisi mwandishi ameharakisha. Mara ya pili niliona kwamba mtu aliyenyamaza siku nzima hana namna nyingine ya kusema isipokuwa kwa pupa, na kwa mtu asiyefaa, na baada ya wakati kupita.

Wapo watakaouliza kwa nini tusome harusi za watu wa mbali wakati waandishi wetu wameshaiandika ndoa ya kulazimishwa kwa ufundi. Ni kweli, na anayetaka kuanza nyumbani aanze na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo Yasmin wake anaozwa angali msichana mdogo kwa bwana mzee mwenye duka. Lakini pale dhuluma inaonekana na ina sura. Dolly hakulazimishwa na mtu. Mama hakumpiga, hakumtisha, pengine hata hakumshauri. Amekwenda kwa miguu yake mwenyewe, katikati ya watu wanaompenda, na hakuna wa kulaumiwa. Harusi za siku hizi mjini, ambazo binti amesoma, ana kazi, na mume amemchagua mwenyewe, ziko karibu na hali hii ya pili kuliko ile ya kwanza, na sijakutana na riwaya yetu iliyokaa ndani ya siku moja kama hiyo kutoka asubuhi hadi jioni bila ya kutoka.

Nakala niliyonayo ni ya Persephone Books, walioirudisha riwaya hii sokoni mwaka 2002, ikiwa na dibaji ya Frances Partridge. Nililetewa na jamaa aliyerudi kutoka Uingereza. Vitabu vyao vina jalada la kijivu tupu, lisilo na picha, lakini ukifungua tu, karatasi za ndani ya jalada zina nakshi za kitambaa. Niliipenda hiyo, nje kimya na ndani kanga. Ipo pia filamu ya mwaka 2012, ambayo imeongeza matukio mengi ya ule msimu wa joto wa Dolly na Joseph. Ni filamu nzuri kutazama, ila kwa kutuonesha kila kilichotokea imeondoa ile hali ya kukaa gizani na kubahatisha, ambayo kwangu ndiyo raha yote ya kitabu. Kiingereza chake si cha maneno makubwa, bali sentensi zinapinda na maelezo ya mwanga, rangi na nyuso yamebanana, kwa hiyo msomaji wa kidato cha nne atahitaji subira na kamusi. Ningependa sana kumwona mtu wetu akikifasiri, hasa mwanamke aliyekulia katika nyumba ya harusi, kwa sababu mazungumzo ya Bi Thatcham yanaita Kiswahili cha mama mwenye shughuli, na hicho hakipatikani kwenye kamusi.

Mama yangu hasomi Kiingereza. Wiki ile nilipokuwa Wete nilimsimulia kitabu chote, mimi na yeye tumekaa uwani tunachambua mchele, ungo katikati yetu. Alicheka sana kwa habari ya chumba kilichogawiwa wageni watatu, akasema anamjua mtu wa hivyo na akamtaja. Soksi alizipenda. Nilipofika kwenye chupa alinyamaza, akasema masikini, nikaendelea. Nilipofika kwenye wino, vidole vyake vilisimama juu ya mchele.

"Na mamake alikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa chini, anapanga wageni.

Akachukua punje moja ya mpunga, akaitupa pembeni, kisha akauliza bila ya kuniangalia kama siku ile dada yangu aliwahi kuniambia kitu. Nikamweleza ya kioo na hereni, miaka mingi baadaye, kwa mara ya kwanza. Tulikaa pale uwani hadi adhana ya Alasiri, na tuliyoyasema baada ya hapo ni ya nyumbani.